Utando wa kahawia una majina mengi: kusoma uhai mdogo wa tangi la maji chumvi kwa hadubini

Mwenye tangi la maji chumvi akiona mchanga umevaa utando wa kahawia, ushauri wa kwanza atakaoupata karibu popote ni huu: punguza chakula, badilisha maji, ondoa virutubishi. Ikiwa utando huo ni dayatomu (mwani wa seli moja wenye gamba la kioo), ushauri hauna madhara, na mara nyingi tatizo huisha lenyewe. Ikiwa ni dinoflajelati (viumbe vya seli moja vyenye mijeledi miwili ya kuogelea), ushauri uleule unaweza kuchochea moto, maana aina nyingi zinazosumbua matangi hushamiri pale naitreti na fosfeti zinapokaribia sifuri na washindani wao wanakufa njaa. Na ikiwa ni sayanobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea), tiba ni nyingine tena. Kwa macho matupu vitu hivi vitatu hufanana mno: vyote vinaweza kuwa vya kahawia, vyote hushika viputo vya oksijeni mchana, na vyote huonekana kupungua taa zikizimwa. Chini ya hadubini ya kawaida ya maabara ya shule, kuvitenganisha ni kazi ya dakika chache, mradi sampuli iwe hai na mwanga uwe umepangwa vizuri.

Hayo masharti mawili ya mwisho ndiyo yanayowashinda wengi. Watu hununua ukuzaji mkubwa kisha wanaona ukungu, au wanaona mipira ya kahawia isiyosogea na kuipa jina la kwanza linalowajia. Viumbe hawa hutambuliwa kwanza kwa mwendo, kisha kwa umbo, kisha kwa ukubwa. Rangi huja mwisho kabisa.

Hadubini ipi

Zipo aina mbili zinazofaa, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Hadubini ya stirio hutazama kitu kwa njia mbili zenye pembe tofauti, hukuza kama mara 10 hadi 40, na huonyesha kina. Inafaa kwa kopepodi (jamaa wadogo sana wa kamba), konokono wachanga au tawi la tumbawe likiwa bado ndani ya bakuli la maji. Ile ya maabara hupitisha mwanga kutoka chini kupitia sampuli nyembamba na hukuza mara 40, 100 na 400. Swali la utando wa kahawia hujibiwa na hii ya pili. Kama mfuko unaruhusu moja tu, chukua hiyo.

Hesabu ya ukuzaji ni kuzidisha: lenzi ya jicho ya 10 mara lenzi ya chini ya 4, 10 au 40. Lakini ubavuni mwa lenzi ya chini kuna namba nyingine, kwa kawaida 0.10, 0.25 na 0.65, na hiyo ndiyo yenye maana zaidi. Inaonyesha lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na kwa hiyo inaweza kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kiasi gani. Lenzi ya 40 yenye 0.65 hutenganisha nukta zilizoachana kwa takriban nusu mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukuzaji wenye faida hauzidi mara 1000 ya namba hiyo, yaani mara 650 kwa lenzi hii. Ukiweka lenzi kali zaidi ya jicho juu yake, picha inakuwa kubwa bila kupata undani wowote mpya. Hadubini ya kuchezea inayojigamba mara 1200 kwenye boksi lake inauza ukungu. Lenzi ya 100 inayotumia mafuta, kwa kazi hii, iache ilale: karibu kila kinachohusu afya ya tangi kinaonekana kwa mara 400 au chini ya hapo.

Kabla ya kutazama kiumbe chochote, jua upana wa unachokiona. Lenzi ya jicho huwa imeandikwa namba ya uwanja, mara nyingi 18. Igawe kwa lenzi ya chini: kwa 4 unapata milimita 4.5, kwa 10 milimita 1.8, kwa 40 milimita 0.45, yaani mikroni 450. Seli inayochukua moja ya kumi ya kipenyo hicho ukiwa kwenye 40 ina mikroni 45. Kama lenzi haina namba, weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya 4 na uhesabu milimita. Rula hii ya kichwani itakuepusha na makosa mengi, kwa sababu picha za mtandaoni hazionyeshi ukubwa, na seli ya mikroni 10 na ya mikroni 80 zinaweza kufanana kama pacha kwenye picha.

Mwanga

Kosa linaloongoza ni kufungulia mwanga wote. Viumbe hai wa majini wengi ni angavu. Mwanga mwingi kutoka kila upande huwafuta. Chini ya meza ya hadubini kuna kondensa, lenzi inayokusanya mwanga wa taa, na ndani yake kiwambo kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono mdogo wa pembeni. Pandisha kondensa hadi karibu iguse slaidi, lenga sampuli, kisha toa lenzi ya jicho na uchungulie ndani ya bomba. Utaona duara la mwanga. Funga kiwambo mpaka duara lijae robo tatu ya nafasi, halafu rudisha lenzi. Ukikifunga zaidi ya hapo, kila seli itavaa mistari minene meusi na meupe pembeni, na utaanza kuona kuta na mijeledi isiyokuwepo. Kung'aa kwa picha kurekebishe kwa kitufe cha taa, kiwambo ukiache.

Kuna njia nyingine ya bei ya karatasi tu. Kata duara la karatasi nyeusi nzito, anza na kipenyo cha milimita 15 hivi, uliweke katikati ya kishikio cha kichujio chini ya kondensa, kisha fungua kiwambo chote. Mwanga wa katikati unazuiwa, ule wa pembeni tu unapita, na viumbe wanang'aa juu ya giza. Inafanya kazi kwa lenzi ya 4 na ya 10. Siliati (viumbe wa seli moja wenye vijinywele vya kuogelea) ambao hukuwaona kabisa wataonekana wakikatiza kila upande. Kama usuli si mweusi, duara ni dogo mno au halijakaa katikati.

Kuchota sampuli

Tone la maji ya katikati ya tangi karibu kila mara huwa tupu. Vichujio na kichuja povu vinafanya kazi yao, na uhai mdogo mwingi hukaa juu ya nyuso: kioo, mchanga, mawe, sifongo la chujio, uchafu laini ulioganda kwenye tangi la chini lenye vichujio. Tumia pipeti ya plastiki ya mililita 3. Ibane ikiwa nje ya maji, peleka ncha hadi kwenye utando wenyewe, kisha iachie taratibu. Chukua kutoka sehemu tatu tofauti na usizichanganye. Mchanga unaweza kuwa na kitu tofauti na kile kinachoning'inia kama kamasi kwenye mawe, na ukichanganya hutajua kipi kinamtesa nani.

Maji ya kuoshea pipeti, ya kujazia chupa, ya kupunguzia sampuli nzito, yote yawe ya tangi lilelile. Maji yasiyo na chumvi huingia ndani ya seli kwa osmosisi na kuzipasua, nawe utabaki ukichunguza vipande. Chupa isijae: mililita 10 ndani ya chupa ya 30 huacha hewa ya kutosha. Itazame ndani ya saa moja. Sampuli nene iliyofungwa na kuachwa gizani humaliza oksijeni, na dinoflajelati zilizokufa ni mipira tu.

Kwa wanyama, chota usiku saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa, ndipo kopepodi na amfipodi wanapotoka mawe­ni. Njia nyingine ni kufunga slaidi safi kwa uzi na kuining'iniza ndani ya tangi siku 5 hadi 7. Futa upande mmoja, funika mwingine kwa kioo chembamba, na utatazama jamii iliyojipanga yenyewe bila kuvurugwa na pipeti.

Slaidi

Tone moja linatosha chini ya kioo cha kufunikia cha milimita 22 kwa 22. Gusisha ukingo wa kioo kwenye tone ukiwa umekiinamisha, kisha kishushe polepole ili hewa itoke. Kiputo kikibaki kitaonekana kama duara lenye ukingo mweusi mnene. Wengi wamewahi kukiita yai. Maji yakizidi na kioo kikaelea, vuta kwa pembe ya karatasi ya shashi.

Kioo hicho si cha hiari. Lenzi ya 40 imetengenezwa kutazama kupitia kioo cha unene wa milimita 0.17, na nafasi iliyopo kati yake na slaidi ni kama nusu milimita. Bila kioo, lenzi huchovya kwenye maji ya chumvi. Punje ya mchanga nayo hukiinua kioo upande mmoja, picha inalegea, na lenzi inaweza kukikwaruza au kukivunja. Tikisa sampuli ya mchanga, iache itulie sekunde 10, uchote maji ya juu yenye vumbi la kahawia. Kama kuna wanyama wakubwa wasiotakiwa kubanwa, weka nukta nne za mafuta ya mgando kwenye pembe za kioo kabla ya kukishusha. Baadaye unaweza kukibonyeza kidogo kidogo mpaka mnyama ashikwe bila kupasuka.

Sasa tatizo la maji chumvi lenyewe. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Tone chini ya kioo hukauka kuanzia pembeni, hasa juu ya taa yenye joto, na chumvi inabaki. Nusu ya maji ikiondoka, chumvi imekuwa maradufu. Seli zinasinyaa, mwendo unapungua, siliati wanajikunja kuwa mipira, na pembeni zinaanza kuota fuwele za mraba. Mtu aliyechelewa kutazama huandika kwamba "hazisogei, basi si dinoflajelati". Dawa ni kupaka mafuta ya mgando kuzunguka kioo, au kuandaa slaidi mpya kila baada ya dakika 15. Ukiona tone limeanza kurudi ndani, tone dogo sana la maji yaliyosafishwa ukingoni hurudisha ujazo uliopotea. Hapa ndipo pekee maji matamu yanaporuhusiwa.

Kwa wanyama wanaokimbia, kuna kloridi ya magnesi, ileile inayotumika kuongeza magnesi kwenye matangi ya matumbawe. Yeyusha gramu 75 za ile yenye maji ndani ya fuwele katika lita moja ya maji yaliyosafishwa, uchanganye nusu kwa nusu na maji ya tangi yenye mnyama. Minyoo na konokono wadogo hulegea baada ya dakika kadhaa, na wakirudishwa kwenye maji yao huamka. Kwa siliati, nyuzi chache za pamba chini ya kioo huwafungia kwenye vyumba vidogo.

Kuusoma utando

Anza na lenzi ya 4, ishushe ukitazama kwa ubavu na si kupitia lenzi ya jicho, kisha lenga kwa kuipandisha. Panda hadi 10 na ukae hapo kwanza. Usiikimbilie 40. Dakika mbili za kutazama mwendo kwa mara 100 zina faida kuliko picha moja kali.

Dayatomu ni seli iliyofungwa ndani ya gamba la kioo la silika lenye sehemu mbili, moja ikiingia ndani ya nyingine kama boksi na mfuniko wake. Kwa hiyo ina kingo kali na ulinganifu: mitumbwi, vijiti, sindano, feni zilizosimama kwenye vikonyo. Zile za umbo la mtumbwi huteleza kwa mstari, husimama, kisha hurudi kinyumenyume bila kugeuka. Hazizunguki. Gamba tupu hubaki baada ya seli kufa, na mistari yake midogo inaonekana vizuri kwa mara 400. Ukikuta nyingi kwenye tangi jipya, subiri. Ukikuta nyingi kwenye tangi lililokomaa, kagua maji unayotengenezea chumvi: resini ya mwisho ya kusafisha maji ikichoka, silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupenya.

Sayanobakteria ni nyuzi. Kila uzi umepangwa seli fupi fupi zisizo na kiini wala chembe za kijani zilizojitenga. Rangi imeenea seli nzima. Nyingine zimejisokota kama skrubu. Uzi mzima huteleza taratibu na ncha yake hupepesuka. Hata utando ukiwa mwekundu au wa kahawia kwa nje, kwa hadubini unaweza kuwa wa kijani cha buluu. Huyu huwa anakaa penye uchafu mwingi na mkondo hafifu wa maji, hivyo kuunyonya kwa mpira na kuelekeza pampu pale ni hatua ya kwanza yenye maana.

Dinoflajelati zina mijeledi miwili, na kwa sababu hiyo mwendo wake ni wa kujizungusha. Hapa inafaa kukaa zaidi, kwa sababu jina la jenasi linabadilisha tiba. Ostreopsis ina umbo la tone la machozi, kwa aina ndogo mikroni 30 hadi 60, na hujizungusha kwenye ncha yake iliyochongoka kana kwamba imefungwa kwa uzi, na mara nyingi kweli imefungwa, maana hutoa nyuzi za ute. Coolia ni ndogo na karibu duara. Prorocentrum haina mfereji wa kiunoni. Ina maganda mawili yaliyoshikana, na mara nyingi unaona doa angavu katikati ya mwili. Amphidinium ni yai bapa lenye kichwa kidogo kilichopinda upande mmoja. Huteleza na kugeuka bila kujipindua kama wenzake, na hupenda kukaa ndani ya mchanga.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo ya kivitendo. Taa ya miale ya urujuanimno huua kile tu kinachopita mbele yake. Ostreopsis hujiachia majini kwa urahisi, hivyo taa yenye nguvu na mkondo sahihi humfikia. Amphidinium kubwa, ambayo haitoki mchangani, taa hiyo haimgusi. Wafugaji wa matumbawe humkabili kwa kupandisha naitreti na fosfeti hadi zipimike, na kuongeza silika ili dayatomu zimnyang'anye nafasi. Yaani kile ambacho tatizo la dayatomu lilitaka kiondolewe, la Amphidinium linataka kiongezwe. Anayetibu bila kutazama anabahatisha kati ya mambo mawili yanayopingana.

Kama huna hadubini karibu, kuna kipimo cha kuanzia: tikisa sampuli kwa nguvu ndani ya chupa, ipitishe kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, na uweke maji yaliyopita kwenye mwanga kwa saa moja. Maji yakishikana tena kuwa kamasi yenye nyuzi, shuku dinoflajelati. Hayasemi ni ipi.

Tahadhari haihitaji kukuzwa wala kupuuzwa. Ostreopsis baadhi hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini, sumu kali sana. Julai 2005 huko Genoa, Italia, watu wapatao 200 walihitaji matibabu baada ya kuvuta hewa ya ufukweni wakati mlipuko wa Ostreopsis ovata ukiendelea baharini. Kwa tangi lenye konokono wanaokufa mfululizo, vaa glavu, usinyonye mpira kwa mdomo, na usichemshe mawe.

Mipira ya kahawia ya mikroni 6 hadi 12, duara kamili, isiyosogea, iliyofungwa ndani ya uzi wa ute karibu na tumbawe: hiyo si tauni. Ni mwani unaoishi ndani ya tumbawe lenyewe, na matumbawe hutupa kiasi chake kila siku.

Wanyama

Hapa ndipo watu husahau walichokuja kutafuta. Kopepodi jike wa wale watambaao mchangani, wa urefu wa chini ya milimita moja, anaonekana mpaka ndani: jicho moja jekundu katikati ya paji, utumbo unaojikaza na kusukuma mabaki ya mwani nyuma, na mfuko wa mayai chini ya mkia. Mayai yakikaribia kuanguliwa, doa jekundu la jicho huonekana ndani ya kila moja. Majike wenye mifuko pamoja na watoto wa umbo la pea wenye jozi tatu za miguu ni ushahidi kwamba wanazaliana tangini mwako, jambo ambalo chupa ya kopepodi wa kununua haiwezi kulithibitisha.

Foraminifera, viumbe wa seli moja, watafute kwenye slaidi iliyoning'inizwa, wale wenye magamba meupe yaliyojisokota. Mwache dakika 20 bila kumsogeza, funga kiwambo kidogo zaidi ya kawaida, uangalie nje ya gamba. Nyuzi nyembamba zinatoka pande zote, na ndani ya uzi mmoja chembe zinasafiri pande mbili kwa wakati mmoja, nyingine zikienda nje, nyingine zikirudi.

Minyoo mviringo hujipiga kama mjeledi na karibu kila mara haina madhara. Siliati wengi wanamaanisha bakteria wengi, kwa kawaida kwa sababu kitu kimekufa mahali.

Vimelea vya samaki ni suala jingine, na ukwanguaji wa ngozi ya samaki hai uachiwe aliyefundishwa, kwa sababu kuondoa ute mwingi kunaumiza kuliko ugonjwa. Lakini samaki aliyekufa dakika chache zilizopita anaweza kutoa jibu: kata kipande kidogo cha matamvua, kiweke kwenye maji ya tangi, funika, tazama kwa mara 40 na 100. Cryptocaryon irritans, mdudu wa madoa meupe, ni mpira mkubwa wa hadi nusu milimita, mzito, uliofunikwa vijinywele, unaozunguka polepole mahali pamoja. Amyloodinium ocellatum ni pea ya kahawia iliyokaa kimya, imejishikiza kwa vizizi. Brooklynella hostilis ana umbo la figo na anatembea. Dawa ya shaba hupambana na wawili wa kwanza wanapokuwa katika hatua ya kuogelea huru. Kwa Brooklynella haifai. Samaki aliyekaa saa kadhaa hana maana, vimelea wameshahama na siliati walaji mizoga wamechukua nafasi.

Kurudia na kusafisha

Ukishaanza tiba, chota sehemu ileile, saa ileile ya mchana, kila baada ya siku tatu. Hesabu seli kwenye nyanja 10 kwa mara 100 na uandike kila aina peke yake. Rekodi video kwa simu iliyoshikiliwa juu ya lenzi ya jicho; mwendo ndio unaotaka kuuonyesha ukiomba maoni ya mwingine. Jumla ikishuka, tazama ni nani aliyebaki: Ostreopsis anapokwisha si ajabu Amphidinium akawa ndiye anayepanda, na tangu siku hiyo taa ya urujuanimno haina kazi kubwa tena.

Chumvi iliyobaki kwenye lenzi hula chuma na kukwaruza kioo. Karatasi ya lenzi iliyoloweshwa maji yaliyosafishwa ipite kwanza ili chumvi iyeyuke, kisha nyingine kavu, kwenye lenzi ya 40 kila baada ya kutumia, na kwenye meza na vibanio vyake. Doa likibaki kwenye picha, zungusha lenzi ya jicho: likizunguka nayo, liko hapo, likihama ukisogeza slaidi, liko kwenye slaidi, lisipofanya lolote kati ya hayo, litafute kwenye lenzi ya chini au kondensa.